Siku Mama Alipoonyesha Picha za Majiko

Jirani yangu wa hapa Anoka, jimbo la Minnesota, Marekani, ana tabia ya kuwasha moto wa kuni nyuma ya nyumba yake kila Jumamosi majani yanapoanza kupukutika, na moshi wenyewe hauna adabu: unaruka uzio, unaingia dirishani, unajikalia kwenye mapazia. Mume wangu hulalamika. Mimi, ukinifikia tu puani, hukimbilia kufunga madirisha kabla hata sijajua kwa nini. Kisha nakumbuka sanduku la Mama, fleti yetu ya New Hope, na zile wiki nilizokuwa nikilala nikiwa na hakika kwamba tunarudishwa nyumbani.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa darasa la tatu. Tulikuwa watatu tu: Baba, Mama na mimi. Baba aliniita Bibi, kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Rehema, aliyekuwa kule Iringa, na akitaka kunichokoza aliniamkia shikamoo mbele ya wageni. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mama alikuwa akisomea maendeleo ya vijijini chuo kikuu, na ada yake ililipwa na kanisa moja la Maple Grove. Wala haikuwa ada peke yake. Makochi, meza, sufuria, makoti, hadi taa ya kusomea, vyote vilitoka kwa watu wa kanisa lile, hasa kwa Bi. Carol, mwenyekiti wa kamati yao ya misaada. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, na gari lake lilijaa vitu vya kugawa muda wote. Kochi alilotuletea lilinuka paka. Kila alipokuja kutusalimu, Mama alimketisha palepale na kulisifu.

Kamati hiyohiyo ilikuwa imegharamia majiko katika kijiji kimoja cha vilimani, huko Maharashtra, India. Yalikuwa majiko banifu ya udongo, yenye bomba la kutoa moshi nje, ili akina mama wasiendelee kuharibika macho na vifua. Kila nyumba ilipata lake. Sasa walijiandaa kuchangisha kwa ajili ya vijiji vya jirani, ila kwanza wakamtuma Mama akakae kule kipindi chote cha mvua, ajionee, arudi awaeleze. Huo ndio ungekuwa utafiti wake wa shahada.

Aliporudi tulimfungulia sanduku sebuleni, mimi nikitafuta zawadi, na kilichotangulia kutoka kilikuwa moshi. Kila nguo ilinuka moshi. Baba alivuta pumzi, akacheka. "Mh! Hii si ni jikoni kwa mama yangu kabisa?"

Mama hakucheka. "Ndiyo," alisema. "Na haikupaswa kunuka hivi."

Jioni ile nikiwa mezani na kazi za shule, wakaanza Kihehe. Niwaambie kitu kuhusu Kihehe cha nyumbani kwetu: Kiswahili kilikuwa cha wote, Kiingereza ndicho nilichowajibia mimi, lakini Kihehe kilikuwa cha mambo ambayo mtoto hakutakiwa kuyasikia. Basi nikatega masikio. Humo ndani ya Kihehe yalichomoza maneno niliyoyajua: ada, kamati, viza, Januari. Mtoto mwoga hahitaji zaidi ya hapo, mengine anajitungia mwenyewe. Nilijitungia ndege, theluji, na mwalimu wangu akilifuta jina langu ubaoni.

Kesho yake nilirudisha vitabu vyote vya maktaba, hata vile ambavyo sikuwa nimevisoma, nikiogopa polisi wasije wakatuzuia uwanja wa ndege. Msinicheke, nilikuwa nimeondoka Iringa mdogo mno kukumbuka chochote, na mtu hawezi kurudi mahali asipopakumbuka. Kwangu ilikuwa kama kupelekwa ugenini.

Siku zilivyosogea, Kihehe kiliwachosha wakahamia Kiswahili. "Mama Rehema," Baba alimwambia jikoni, "usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Waonyeshe picha nzuri, umalize shule. Ukweli utausema ukishavaa joho."

"Nikishavaa joho watakuwa wameshajenga mengine."

"Na wakikukatia ada? Tutakaa hapa kwa viza gani?"

Mama aliendelea kusonga ugali. Niliuona mwiko ukizunguka na kuzunguka hata baada ya ugali kuiva.

Ukweli wenyewe alinieleza mimi kwanza. Alikuwa akipanga slaidi zake, zile picha ndogo za kuonyeshwa ukutani, kila moja akiiinua kwenye mwanga wa taa, nami nikamwegemea begani nikachungulia. Alinionyesha Parubai, mwenyeji wake, mwanamke mwembamba mwenye bangili nyingi, akitabasamu kando ya jiko jipya. Halafu akanionyesha jiko hilohilo siku nyingine: bomba limezibwa kwa matambara na udongo, juu ya jiko zimepangwa sahani, na chini sakafuni, pembeni, moto unawaka kwenye mafiga matatu.

Wiki za kwanza, Mama alisema, Parubai alimpikia kwenye jiko jipya kila siku. Lakini siku moja mvua ilimrudisha Mama mapema kutoka mashambani, akamkuta anapika kwenye mafiga, nyumba nzima imejaa moshi. Parubai alijifunika uso kwa ncha ya sari, akacheka kwa aibu mpaka machozi. Kisha akamwonyesha Mama darini. Kule juu yalining'inia mahindi ya mbegu na masuke ya ulezi, meusi kwa masizi. Moshi ule ndio uliofukuza fukusi kwenye nafaka na mchwa kwenye miti ya paa. Jiko jipya lilipoutoa moshi nje, mbegu zililiwa mwaka wa kwanza tu. Na mdomo wa jiko ulikuwa mdogo: kuni ilibidi zikatwe vipandevipande, wakati wao huokota matawi marefu na kuyasukuma motoni kidogokidogo, na shoka ni la mume, naye mume yuko mjini kwenye vibarua.

"Kwa hiyo wanapenda moshi?" niliuliza.

"Hakuna anayependa moshi, mwanangu. Parubai anakohoa hadi anakaa chini. Lakini anapenda kula mwaka mzima." Alisema wangepata kwanza mapipa ya bati yenye mifuniko ya kuhifadhia nafaka, bomba wangelizibua wenyewe. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa wa Maple Grove hawakulala kule."

"Utawaambia?"

Mama aliiweka slaidi ya bomba lililozibwa ndani ya boksi. Akaitoa. Akairudisha tena, akazima taa.

Katikati ya hayo yote nami nilikuwa na mateso yangu binafsi. Bi. Carol alikuwa amenipa buti za theluji, za zambarau, zenye manyoya shingoni, zilizokuwa za mjukuu wake. Alinivisha mwenyewe akiwa amepiga magoti sebuleni kwetu, akauliza kama zinanitosha, nikaitikia ndiyo, akatupiga picha mimi na Mama tukicheka. Zilikuwa ndogo. Vidole vilijikunja humo ndani, na kidole gumba cha kulia kikawa na ukucha mweusi. Mama alijua, kila jioni alinipaka mafuta miguuni. "Vumilia, baridi itaisha," aliniambia. Jamani, baridi ya Minnesota! Hata Desemba ilikuwa haijafika.

Mkutano wa Mama kuwaeleza watu wa kanisa ulifanyika Jumapili moja ya Desemba baada ya ibada, katika ukumbi wa chini ya kanisa, kukinuka kahawa na mabakuli ya viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga na jibini. Baba ndiye aliyeshika projekta. Mimi nilikaa mstari wa mbele, sahani ya chakula mapajani sijaigusa. Kila mtu aliyepita alinishika kichwa.

Mama alianza na vilima vya kijani, mvua, wanawake wakipandikiza mpunga, watoto wakiogelea na nyati. Watu waliguna kwa furaha. Kisha Parubai akatokea ukutani, mkubwa, akitabasamu kando ya jiko jipya, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Moyo wangu ulirudi mahali pake. Nikajua Mama amemsikiliza Baba, tutabaki. Nikachukua kiazi kimoja nikakitia mdomoni.

Baba hakubonyeza projekta. Alimtazama Mama. Mama akatikisa kichwa kukubali, na bomba lililozibwa likatokea, na mafiga matatu, na moto.

Nikakitema kile kiazi sahanini. Mama aliwaeleza yote, kuhusu mbegu, mchwa, shoka na mapipa. Bwana mmoja mwenye tai nyekundu akauliza kama huenda wale wanawake hawakufundishwa kutumia jiko. Mama akasema walifundishwa vizuri sana. Halafu Bi. Carol akasimama. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ameumia.

"Lakini tuna picha zao," alisema. "Katika kila picha wanatabasamu. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyetuambia?"

Mama alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alitazama ukutani, akamtazama Baba, akatazama sakafu. Feni ya projekta ilivuma.

Kisha akaniona. "Rehema, njoo."

Nikaenda. Buti zililia kwi, kwi, kwenye sakafu ile iliyosuguliwa. Mama alinigeuza niwatazame watu, akaniwekea mkono begani, mzito, na akaniambia kwa Kiingereza ili wote wasikie: "Mwambie Bi. Carol buti zako zikoje."

Bi. Carol alikuwa palepale mbele yangu, akinitazama kwa yale macho yake ya upole. Maisha yangu yote nilikuwa nimefundwa kwamba kitu ulichopewa hukitii dosari. Na nilijua, au nilidhani nimejua, kwamba ada yetu na viza yetu na kitanda changu viko mikononi mwa mama yule.

"Zinaniuma," nilisema, kwa Kiingereza changu cha shuleni. Na nikishaanza kulia huwa siishii njiani: "Zinaniuma tangu siku ile ya kwanza!"

Mtu mmoja aliweka kikombe chake mezani. Sauti ya Mama ikarudi. "Mnayo picha yake pia," alisema. "Na yangu. Tunacheka wote wawili. Tulivyolelewa sisi, mtu akikuletea kitu kwa upendo unakipokea kwa mikono miwili na kukisifu hadi aondoke. Parubai amelelewa hivyohivyo."

Bi. Carol alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Mwishowe akauliza, "Anavaa saizi gani?" Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, "Na Parubai, yeye angetaka nini?"

Msidhani kila mtu alifurahi. Bwana wa tai nyekundu aliondoka hata kahawa hajamaliza. Mchango wa majiko ulisimamishwa, na kwa miezi hatukujua kama ada ingelipwa. Kihehe kilirudi nyumbani, nami nikaendelea kukitegea masikio hadi theluji ilipoyeyuka. Mwishowe walilipa sehemu, na iliyobaki Mama aliitafuta kwa kuosha vyombo jikoni chuoni. Mapipa yalipelekwa kijijini. Wapo waliozibua mabomba yao baadaye, na wapo ambao hawakuzibua. Parubai, tulisikia, alipokea pipa, akalisifu sana, na bomba akaliacha vilevile mwaka mzima kwanza, aone kama pipa nalo lina akili.

Kwa miaka mingi nilibeba picha ya Mama akiwa amesimama mbele ya watu wale, mwanamke asiyeogopa. Nilipokuwa mtu mzima, na nilipokabiliwa na mambo yangu ya kuogopesha kazini, niliivuta picha hiyo nikaiegemea. Mwaka jana alikuja kunitembelea, tukawa tunamenya ndizi jikoni kwangu, nikamwambia hivyo. Kwamba namshangaa kwa ujasiri wake wa siku ile.

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Ujasiri upi, mwanangu? Sauti ilikataa. Nilikuita kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Nikasema moyoni: mtoto akijibu ziko sawa, basi, nami nakaa chini. Baba yako aonyeshe mashamba yaliyobaki, tunywe kahawa, twende zetu nyumbani."

Akachukua kisu akaendelea na ndizi zake. Nikafungua bomba la maji nikajifanya naosha mikono.

Yeye sijamwambia, ninyi ndio nawaambia. Nilipoinuka kitini siku ile nilikuwa na jibu langu tayari, na nililirudia moyoni njia nzima hadi pale Mama alipokuwa amesimama: ziko sawa, asante. Lilikuwa limeshafika ulimini. Mama aliponigeuza niwatazame watu ndipo kidole gumba, kile cha ukucha mweusi, kilipogonga ncha ya buti, na likatoka lile jingine.