Tundu Ubavuni mwa Boti ya Msasa

Msasa hakupewa jina hilo kwa ulaini wake. Alikuwa fundi wa boti ndogo za faiba, mwenye karakana ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na miaka kumi na tisa ya kusugua ilikuwa imemjaza vumbi jeupe hata hakuna aliyekumbuka nyusi zake zilikuwa na rangi gani. Maneno yake nayo yalikwaruza. Mkewe aliwaambia wateja, "Mvumilieni, mkimzoea hufika namba mia nane," yaani msasa ule laini wa kumalizia kazi.

Karakana ilikuwa ya watu watatu. Msasa alichonga kalibu na kuunganisha, mkewe alipaka rangi na kushona viti, na mdogo wa mkewe, ambaye kila mtu alimwita Taratibu, ndiye aliyelaza faiba na kuipaka gundi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukuta wa boti ukapatikana. Hakuwa mvivu. Ila alikuwa mtu wa kuangalia kitu mara tatu kabla hajakigusa, na Msasa akikiangalia mara moja anakuwa ameshakishika.

Kila mwaka walikwenda kwenye maonyesho ya boti bandarini na boti ile ile ya mita nne. Mwaka huo Msasa alikata shauri kupeleka mbili mpya: moja ya mtu mmoja, nyepesi, ya kubebwa juu ya gari, na nyingine ya mita saba, kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuunda. Alikuwa amesikia kwamba kikosi cha waokoaji kinatafuta boti sita za ukubwa huo, na mkuu wao angekuja maonyeshoni kuchagua. Makampuni makubwa yalikuwa yamejipanga. Msasa naye akajipanga, kwa haraka.

Wiki mbili kabla ya maonyesho mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Taratibu alitoa mkono nje ya mlango, akaurudisha umelowa.

"Shemeji, hewa ina maji. Gundi haitashika. Tusubiri kesho kutwa."

"Kesho kutwa yako haina mwisho," Msasa akamjibu. "Wewe hata siku ya kuzikwa utaomba tusubiri udongo ukauke. Kama unaogopa unyevu, nenda kalale."

Taratibu alichukua mfuko wake akaondoka. Ubavu wa kushoto aliulaza Msasa mwenyewe, alasiri moja, brashi mkononi na hasira kifuani. Kesho yake Taratibu alirudi kazini kama kawaida, lakini tangu hapo wawili hao hawakusema ila maneno ya kazi: lete hiki, shika huku. Wakati wa kula mke alikaa katikati yao, akipitisha chumvi huku na huku kama ofisa wa forodha.

Asubuhi ya kwanza ya maonyesho, boti zilikuwa zimeshapangwa kwenye kibanda chao karibu na gati. Taratibu alikuwa akifuta vumbi la safari. Msasa akazunguka boti ile kubwa akiigonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyozoea kuzigonga zote. Ko, ko, ko. Sauti kavu, ya kitu kigumu. Alipofika ubavu wa kushoto, karibu na nyuma, ikalia: bu.

Akagonga tena. Bu.

Karakanani alikuwa ameigonga pale pale, ikalia vizuri. Saa tatu za kurukaruka juu ya trela zilikuwa zimefungua kilichokuwa kimejifunga nusu. Msasa aliinua macho. Upande wa pili wa boti Taratibu alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, akimtazama. Kisha akainama, akaendelea kufuta.

Hapo hapo mkuu wa waokoaji akatokea. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vya kazini, na nyuma yake fundi wa kikosi, mwanamume mnene asiyependa kuongea.

"Nimeambiwa mna ya mita saba," mkuu alisema. "Saa nne naweza kuipanda majini na watu wangu watatu?"

"Karibu sana, mkuu," Msasa alisikia mdomo wake ukisema.

Mkewe akafurahi, akaenda kutafuta majaketi ya kuelea. Taratibu akasogea.

"Shemeji, umesikia ilivyolia."

"Nimesikia. Ni mahali pa ukubwa wa kiganja tu. Nusu saa haitatufanya kitu."

"Basi mimi simo."

"Hujaalikwa."

Lakini saa nne ilipofika na boti ikashushwa, Taratibu alivaa jaketi, akaingia bila kusema, akakaa upande wa kushoto nyuma. Akaweka kiganja chake ukutani, pale pale. Mtu mwingine yeyote angedhani amejiegemeza.

Walitoka gatini polepole. Msasa aliendesha, sikio lake likiwa kwenye ubavu wa kushoto. Maji yalikuwa tulivu, boti ikakaa vizuri, na wale waokoaji walianza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Fundi mnene akasema, "Haiyumbi," na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

"Ongeza," mkuu akasema.

Msasa akaongeza. Akageuka kumtazama shemeji yake. Kiganja bado kiko ukutani.

"Nipe mimi," mkuu akasema.

Angemnyimaje? Mkuu akashika usukani. Mbele yao kivuko cha abiria kilikuwa kikipita, na nyuma yake kikiacha mawimbi yaliyopangana kama matuta. Akayaelekea moja kwa moja, mwendo ule ule. Wimbi la kwanza likawapiga toka chini, meno yakagongana. La pili likapiga ubavu wa kushoto. Taratibu aliondoa mkono kama aliyeguswa na moto, akautazama, kisha akaurudisha. Akamtazama Msasa, akatikisa kichwa mara moja kukataa.

Mkuu alikuwa akicheka, anageuza boti wayapige tena.

Msasa alinyoosha mkono akapunguza mafuta. Boti ikapungua mwendo, ikasimama ikipepesuka.

"Mkuu, tusirudie."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema mafuta yanaisha. Angeweza kusema injini imepata joto, na nani angembishia? Akaonyesha ubavu wa kushoto.

"Pale alipoweka mkono shemeji yangu, ukuta umeachana ndani. Nimegundua asubuhi."

Fundi mnene aliinuka, akagonga pale, akasikiliza, akakaa upande mwingine.

"Asubuhi," mkuu alisema polepole. "Kabla hujatupakia."

"Kabla."

"Turudishe."

Kurudi kulichukua dakika kumi, na Msasa alisikia kila moja. Gatini mkuu alisubiri watu wake washuke wote, ndipo akamgeukia. "Mimi kazi yangu ni kuwatoa watu majini," alisema. "Leo nusura uniongezee wanne, na wewe na ndugu yako juu." Akaenda zake.

Mkewe alipoambiwa hakupandisha sauti. Alikunja kile kitambaa cha kufutia, mara mbili, mara tatu.

"Ulimpakia na mdogo wangu," alisema. Basi.

Boti ilipovutwa juu, Msasa alitafuta turubai aifunike aondoke nayo. Taratibu alikwenda kwenye sanduku la vifaa akarudi na mashine ya kukatia.

"Hapa? Mbele za watu?"

"Nataka kujua imefika wapi. Wewe hutaki?"

Mashine ikaanza kulia. Watu wakatoka vibanda vya jirani, vipeperushi mikononi, kutazama mwehu anayekata boti mpya. Kipande kilipodondoka, tabaka zilikuwa zimefunguka kama kurasa za daftari lililolowa. Msasa alidhani atakuta palipoachana pana ukubwa wa kiganja. Palikuwa na ukubwa wa sinia zima. Akashika ukingo wa boti.

"Ingechukua mawimbi mangapi?" aliuliza.

"Matatu. Labda manne." Taratibu alisema hivyo kama mtu anayetaja kipimo, bila kumsuta.

Watu bado walikuwa wamesimama. Msasa hakuwangoja waondoke.

"Uliniambia tusubiri, nikakutukana."

"Ndiyo."

"Nimekosa, shemeji."

"Ndiyo," Taratibu akasema tena. Akafuta vumbi usoni. "Sasa shika upande huu, nisije nikakata ubao wa ndani."

Hawakuifunika. Siku mbili zilizobaki boti ilikaa pale na tundu lake, na wapita njia wakapata la kusema. Mmoja aliuliza kama dirisha hilo ni la abiria wa daraja la kwanza. Msasa aliwaeleza wote kilichotokea, mpaka sauti ikamkauka. Ile ndogo ya mtu mmoja iliagizwa na watu watatu. Alasiri ya mwisho fundi mnene alikuja peke yake, akaingiza mkono tunduni hadi kiwiko, akapima unene pale palipo pazima, akakwaruza kwa kucha. Akauliza wanasubiri muda gani kati ya tabaka na tabaka, na hewa wanaipimaje. Taratibu ndiye aliyejibu. Msasa alikaa kimya, na mkewe akasema baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Sijatumwa," fundi alisema akiondoka. "Nimekuja kuangalia tu."

Boti sita za waokoaji ziliagizwa kwa kampuni kubwa iliyokuwa ng'ambo ya ukumbi.

Ile yenye tundu waliikatakata. Mwaka uliofuata walileta nyingine, iliyochukua miezi mitano badala ya miwili. Mkuu wa waokoaji alikuja siku ya pili. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alitoa sarafu mfukoni akaigonga boti kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote, chini akiwa amepiga magoti, muda wa nusu saa nzima, na watu watatu wa karakana wakasimama wamefunga mikono kama wanafunzi. Kisha akaipanda, akayafuata mawimbi ya kivuko mara tano.

"Moja," alisema aliposhuka. "Ikimaliza mwaka salama, tutazungumza."

"Ni haki yako, mkuu," Msasa akasema.

Njiani kurudi, kwenye kigari chao, Taratibu alisema tangi la mafuta la hiyo moja linafaa lisogezwe mbele kidogo. Msasa akasema hajasikia upuuzi kama huo tangu azaliwe. Taratibu akaeleza upya, polepole, kwa mkono. Walibishana hivyo hadi mke, aliyekuwa ameshika usukani, akawasha redio na kuongeza sauti.