Oili Kwenye Kucha za Msusi

Mtaa mzima ulimwita Nani-Kagusa, na mkewe naye akikasirika alimwita hivyo hivyo. Jina lilitokana na tabia yake. Mafundi wengine wakifungua boneti humsalimia mwenye gari na kumuuliza tatizo. Yeye alisimama, mikono kiunoni, akaikazia injini macho kama hakimu aliyeamkia upande mbaya wa kitanda cha mama mkwe, kisha akauliza: "Nani kagusa hii?"

Kwake kila injini ilikuwa shahidi aliyepangwa. Nati iliyokazwa sana ilikuwa na jambo la kuficha, na iliyolegea ilikuwa imehongwa. Ukimletea gari linalokohoa, alimshuku fundi aliyetangulia. Ukimletea gari jipya, bado lina plastiki kwenye viti, aliwashuku walioliunda: "Hawa walikuwa wanawahi kwenda kula." Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Aliyanusa maziwa kabla ya kuyanywa, akakinusa na kikombe baada ya kuyanywa. Siku ya ndoa yao, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi aliye mbele yake, alimfunua shela kwanza ahakikishe ndiye. Watu wakacheka. Bibi harusi hakucheka. Alisema kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, "Yeye hana shela, lakini hata mimi sina hakika."

Kuna vyuo vinavyofundisha mashaka kwa miaka mitatu, mtu akatoka na joho na deni. Nani-Kagusa alizaliwa amelivaa.

Bibi harusi yule alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, viti viwili na kioo chenye ufa uliompasua kila mteja pua. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, virefu, vyenye akili zao wenyewe. Aliweza kusuka kichwa kizima huku macho yako barabarani, anahesabu nani kapita na nani, na nani kajifanya hakumwona. Wateja walimpenda kwa mistari iliyonyooka, na zaidi kwa taarifa ya habari.

Basi jioni moja, mezani, msusi alipomsogezea mumewe sahani, Nani-Kagusa akaona. Chini ya kucha za mkewe kulikuwa na mstari mweusi. Akamshika mkono taratibu. Mke akashtuka, maana mambo ya kushikana mikono yalikuwa yamesahaulika zamani, akaanza hata kutabasamu. Mume akauinua ule mkono mpaka puani, akanusa.

"Oili," alisema.

"Mafuta ya nywele hayo."

"Mafuta ya nywele yananukia maua. Hii ni oili ya injini. Tena si oili yangu."

Hapo ndipo palipouma. Wanaume wengine hunusa kwa wake zao manukato wasiyoyajua. Yeye alikuwa amenusa oili nyepesi, safi, ya magari yanayofunguliwa milango kwa kitufe. Oili ya gereji yake ilikuwa nzito kama uji na nyeusi kama dhamiri ya wakili. Na mtaani pale palikuwa na gereji moja tu yenye oili ya namna ile, ya Fundi Vigae. Huyu aliitwa hivyo kwa kuwa sakafu ya gereji yake aliiweka vigae vyeupe, eti mtu akidondosha kitu kionekane. Alikuwa mtanashati, mwenye masharubu yaliyochongwa na ovaroli iliyopigwa pasi. Ovaroli, imepigwa pasi! Mtu wa namna hiyo, kwa maoni ya Nani-Kagusa, hakuwa fundi. Alikuwa mtego.

"Leo umesuka nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wenye vichwa. Kula, chakula kinapoa."

Akala, lakini kila tonge lilishuka na swali lake.

Tangu siku ile kazi yake ya pili ikawa kumchunguza mkewe. Alipita dukani karibu na saluni akijifanya ananunua kibiriti, akachungulia, akakuta kiti kitupu na chanuo limelala peke yake. Akarudi siku nyingine, akakuta vile vile. Vibiriti vikajaa nyumbani hata ungeweza kuteketeza mji na chenji ikabaki. Kisha likaja gari lililotoka kwa Vigae juzijuzi, mwenyewe anataka breki tu. Nani-Kagusa alifungua boneti, wakati breki haziko huko, akapekua kwa tochi. Kwenye kona ya ndani, pale injini inapobanana na bodi, akakuta unywele mrefu wa bandia, wa rangi ya zambarau, umenasa kwenye bolti.

Zambarau ile aliijua. Nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wamesukwa zambarau na mkewe mwezi ule.

Aliyekutwa na ngozi ndiye mwizi wa ng'ombe. Lakini unywele wa saluni umefikaje ndani ya boneti ya Vigae? Walikuwa wanafanya nini pale? Akili yake ikampa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa na picha.

La ajabu ni kwamba hakuuliza. Mtu aliyezihoji nati zote za dunia hakuweza kumuuliza mkewe swali moja. Nati ikikujibu vibaya unaitupa, unanunua nyingine. Mke akikujibu, "Ndiyo, naondoka," unanunua nini? Akakaa na swali lake tumboni, likamkosesha usingizi, likamkondesha, na ule mkanda wa suruali aliouamini kuliko jamaa zake wote ukahitaji tundu jipya.

Katika hali hiyo akaletewa gari la karani wa mahakama. Lilikuwa likigonga kila likiwashwa asubuhi, kama mtu anayepiga hodi kwa mdaiwa wake. Ugonjwa ulikuwa kwenye kile kigurudumu kinachokaa kwenye ncha ya kamu, ule mhimili unaosukuma vali, kinachoamua vali zifunguke mapema au zichelewe kidogo kufuatana na mwendo. Vitabuni kina jina refu la kuchosha punda. Mafundi wanakiita vivitii, imetosha.

Kuitoa vivitii ni kazi ya nguvu, na nguvu alikuwa nazo. Kuirudisha ni kazi ya adabu. Unaisogeza kwenye ncha ya kamu huku mnyororo umeshakaa kwenye meno yake, unaigeuza kidogo huku, kidogo kule, mpaka kipini cha kamu kitumbukie kwenye tundu lake na usibaki mwanya. Ukikaza bolti kabla kipini hakijaingia, taimingi imeharibika, vali zinapigana na pistoni, na gari la mteja linakuwa banda la kuku. Yote hayo ufanye kwa kupapasa, kwa sababu injini ilikuwa imelala kwa ubavu, imesukumwa ukutani kama mgeni kwenye kitanda cha watoto. Aliyeichora hakuwa na mikono. Au alikuwa nayo, ila anawachukia wenye mikono.

Nani-Kagusa akaingiza mkono. Akasukuma, akapapasa, akatukana kwa sauti ya chini. Vivitii ikakataa. Akausukuma mkono zaidi, ukapita mahali ambapo mkono mnene haukupaswa kupita. Kuingia ukaingia. Kutoka ukakataa.

Karani alikuwa amekaa juu ya tairi na gazeti lake.

"Fundi, vipi?"

"Naisikilizia."

"Kwa mkono?"

"Ndiyo utaalamu wenyewe."

Gazeti likageuzwa ukurasa. "Mbona jasho?"

"Joto la injini."

"Injini haijawaka tangu jana."

Nani-Kagusa akauvuta mkono kwa siri. Kifundo cha mkono kilikuwa kinavimba kwa kuvutwavutwa. Karani akainuka, akaja kuchungulia, akaelewa, akaguna kama mtu aliyezoea kuona watu wamefungwa.

"Ndugu yangu, kazi hizi za kubanana si za mikono kama yako. Kwa Vigae wana mama mmoja wanamwita. Anaingiza vidole, huku anapiga soga, anaangalia watu wanaopita. Unasikia tu, tik! Imekaa. Wanamwita Daktari."

"Mama gani?"

"Yule msusi wa kioo chenye ufa."

Fundi karibu aukate mkono wake mwenyewe. "Anaingiza vidole tu?"

"Vidole tu vipi?"

"Yaani... vidole tu, basi?"

"Fundi, ulitaka aingize na miguu?"

Nafuu ikamjia, ikakaa kidogo, halafu ikaipisha hasira. Kwa hiyo mkewe hakuwa na mwanamume. Alikuwa na gereji! Anatengeneza injini za mtu mwingine! Hakujua lipi lilikuwa na aibu zaidi. Na tena, nani kasema karani anasema kweli? Watu wa mahakamani hudanganywa na wenye viapo mchana kutwa. Kitu hicho lazima kiambukize.

"Nikamwite?" karani akauliza.

"Usimwite."

Karani akaenda kumwita.

Msusi alikuja na chupa ya mafuta ya nywele mkononi na chanuo limechomekwa kichwani. Akamkuta mumewe ameinama ndani ya gari, makalio yametazama mbinguni. Akasimama, mikono kiunoni.

"Nani kagusa hii?"

"Mke wangu, mimina mafuta."

"Polepole. Leo huna pa kwenda." Akaiweka chupa juu ya betri, mbali na mkono uliobaki huru. "Vile vibiriti ni vya nini?"

"Vya... kuwashia."

"Kuwashia nini, bahari? Ulikuwa unanifuata?"

"Nilikuwa napita."

"Kila siku unapita, hata salamu huna. Ulidhani nini?"

Karani alikuwa amerudi kwenye tairi lake, anasoma gazeti lililopinduka juu chini.

"Mzee, tupishe kidogo," msusi alimwambia.

"Kesi nimezizoea, mama. Endeleeni tu."

"Ulidhani nini?" msusi akarudia.

"Nilidhani unaondoka," Nani-Kagusa akasema. Aliiambia radieta, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele ya uso wake.

"Naondoka na nani?"

"Na Vigae."

Msusi akacheka, akashika mdomo, akacheka tena mpaka chanuo likaanguka. "Vigae? Anafuta kiti kabla ya kukaa, akiinuka anakifuta tena! Mkewe akija kusukwa anakuja kupumzika."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Hapo kicheko kikakatika. "Nikuambie nini? Vigae alimleta mkewe saluni, akaona vidole vyangu vinavyotembea, akaniuliza, dada, unaweza kujaribu kitu? Aliniuliza. Wewe vidole hivi unalala navyo miaka yote. Siku uliyovishika, ulivishika unuse."

Nani-Kagusa akaegemeza paji la uso kwenye radieta.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," msusi akasema, sasa anamimina mafuta. "Zako zimekaa sana bila chanuo."

Mafuta yakateremka, yananukia maua gereji nzima. Mkono ukatoka na mlio wa kizibo. Kabla hajamaliza kuukanda, mkewe alikuwa ameshainama mahali pake. Mkono wake ukapita pale penye mwanya kama maji. Macho akayatupa barabarani.

"Yule anakwenda wapi na begi saa hizi? Si alisema anaumwa?" Bega lake likacheza kidogo, huku, kule. "Begi lenyewe jipya. Mh!"

Tik.

Akachomoa unywele wa zambarau kwenye mfuko wa gauni, akaupenyeza ndani, akajaribu kuupitisha kati ya vivitii na kamu. Ukagoma. "Haupiti. Hakuna mwanya."

Nani-Kagusa akauelewa sasa ule unywele mwingine, na picha aliyokuwa nayo kichwani ikafutika. Ilimwacha na majonzi kidogo, maana alikuwa ameichora kwa bidii.

"Kaza bolti," msusi akasema, bado ameishikilia vivitii isirudi nyuma.

Akachukua spana yenye mkono mrefu, akaifikisha. Hapo akasita. Kuona, haoni. Kupapasa, mkono wake umekwisha kufukuzwa. Kama kipini hakikuingia, anaiua injini ya mtu kwa mkono wake mwenyewe. Swali likampanda: una hakika? Mkewe alikuwa anamtazama, na macho yale hayakuwa ya barabarani tena.

Akakaza.

"Sasa tuizungushe kwa mkono kwanza," msusi akasema. "Hata kwa Vigae tunafanya hivyo. Mimi si malaika."

Wakaizungusha. Ikapita laini, hapana palipogota. Wakafunga vifuniko, wakajaza oili, karani akawasha mwenyewe. Injini ikanguruma chini chini. Nani-Kagusa akainama, akatega sikio, akabaki pale muda mrefu.

"Unasikia nini?" karani akauliza.

"Sisikii kitu."

"Si ndiyo vizuri?"

"Ndiyo maana nina wasiwasi."

Karani akaondoka na gari lake kabla mashaka hayajapanda ndani. Msusi akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kucha moja moja.

"Kesho nina gari jingine la kubanana," mumewe akasema, kama anayezungumza na ndoo. "Njoo, basi."

"Kesho asubuhi niko kwa Vigae, mchana nina vichwa. Jioni labda. Na hivyo ndivyo unavyomwomba fundi mwenzako?"

Akajikuna kichwa. Neno lilitoka kama bolti yenye kutu, kwa kelele na kwa maumivu. "Fundi," alisema, "nakuomba jioni."

"Nitaangalia."

Akachukua chupa yake ya mafuta, akaelekea getini. Na hapo Nani-Kagusa akaona, kwenye mfuko wa gauni, kichwa cha spana namba kumi kikichungulia. Namba kumi yake. Kila fundi anajua kwamba spana ile haipotei. Kuna mtu anayeichukua. Akafungua kinywa. Msusi alikuwa amefika getini, amegeuka, anasubiri, mkono mmoja kiunoni.

Akakifunga.

"Njia njema," alisema.

Alipotaka kufungua betri ya gari lililofuata, kazi ya namba kumi, alitumia koleo. Koleo likaila nati mpaka ikawa duara, naye akajichubua vidole, na hakuuliza mtu.