Saa Moja ya Kuzuia Bwawa

Dada yake alikuwa na kovu mkono wa kushoto, kuanzia kiwikoni hadi kwenye kifundo, na aliyemtia kovu hilo ni yeye.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na minne. Waligombania blauzi jikoni, maneno yakazidi, hasira zikampanda mpaka masikio yakaziba. Maji yaliyokuwa yakichemka kwenye sufuria yakainuka yenyewe, kama mtu anayesimama kutoka kitini, yakamwangukia dada. Papo hapo bomba la ukutani likapasuka. Mama aliporudi aliambiwa sufuria iliteleza. Hawakulizungumza tena, ila tangu siku hiyo dada akawa anampitia mbali, na akimpa kitu anakiweka mezani, si mkononi.

Aliyemwokoa ni shangazi yake, fundi bomba, mwanamke wa mikono mipana na mdomo usiojua likizo. Alimchukua kazini alipomaliza shule, akidhani amepata wa kumbebea mkoba wa spana. Wiki ya kwanza tu binti aliweka kiganja ukutani akasema, "Linavuja hapa, nyuma ya kigae cha tatu." Wakabandua kigae. Kweli tupu. Shangazi akamtazama juu mpaka chini.

"Haya, niambie. Umeanza lini?"

Akamwaga yote, na machozi juu. Ndoo iliyokuwa karibu ikaanza kutikisika. Shangazi hakukimbia, aliisogeza kwa mguu.

"Sikiliza, mwanangu. Hayo mambo yako mimi siyajui. Najua mabomba. Ukifunga kila mahali, linapasuka. Ukifungua kila mahali, unafurikisha nyumba ya watu. Tutajifunza pole pole."

Wakajifunza kweli. Kila siku baada ya chakula cha mchana, binti aliketi na bakuli la maji miguuni, shangazi akimchokoza makusudi: mara anamsema nywele, mara anamwambia anatembea kama bata. Maji yakitikisika, wanaanza upya. Mafundi wenzao, wasiojua hili wala lile, walimwona tu hakasiriki ovyo, wakambandika jina la Bi Valvu, kama kile kifaa cha kufungia na kufungulia maji bombani. Likamkaa.

Alikuwa na miaka kumi na tisa mvua ziliponyesha wiki tatu mfululizo. Asubuhi moja, yapata saa nne, yuko chini ya sinki la zahanati anabadilisha mpira uliochakaa, akahisi uzito shingoni kana kwamba mtu amemwegemea. Haukutoka kwenye mabomba. Ulitoka kilimani, kwenye bwawa linalonywesha mji mzima.

"Shangazi, bwawa linakuja."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyokuona."

Wakarukia pikipiki. Mlinzi wa bwawa aliwapokea na kikombe cha chai mkononi. Shangazi akamwonyesha ufa kwenye ukuta wa bwawa. "Huo ufa? Nimeukuta na nitauacha," alisema. Kisha akatazama maji yaliyokuwa yakichuruzika chini ya ukuta: yamegeuka rangi, yanatoka na udongo. Kikombe kikamponyoka. Akakimbilia king'ora.

Watu wa bondeni walihitaji saa moja kuhama. Ukuta haukuwa na dakika kumi. Bi Valvu akavua viatu, akaketi kwenye ngazi za zege zinazopandia ukingoni, akabandika viganja ukutani.

Hakuwahi kushika kitu kikubwa namna ile. Alidhani atakutana na ghadhabu, asiione. Maji hayakuwa na ubaya na mtu. Yalisukuma tu, kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Hatari ilikuwa yeye mwenyewe. Akiogopa yatamwitikia, akikasirika atayasukuma badala ya kuyazuia, na mama yake yuko kule chini. Akajikaza, akawa anahesabu pumzi. Dakika ya ishirini damu ikaanza kumtoka puani. Mikono ilikuwa imekufa ganzi mpaka mabegani.

Huku nyuma shangazi alikuwa amempigia simu dada ili amtoe mama. Dada akampakia mama kwenye lori la jirani, lakini yeye hakupanda. Alikuja kilimani kwa miguu, akamkuta mdogo wake analowa jasho, midomo imempauka.

"Ondoka, dada. Nikishindwa, wewe ndiye wa kwanza."

"Najua. Nimeshawahi kuwa wa kwanza."

Kicheko kikamtoroka Bi Valvu, na ukuta mzima ukanguruma. "Usinichekeshe!"

"Haya, yaishe." Dada akaketi nyuma yake, akamkumbatia kiunoni. "Nimekuogopa miaka mitano. Hata sasa nakuogopa. Pumua. Kuhesabu niachie mimi, we shikilia."

Akahesabu kwa sauti, mpaka mlinzi mwenye darubini alipopunga mkono: bondeni hakuna mtu. Bi Valvu akaachia. Shangazi akamkamata huku, dada kule, wakapanda naye ngazi kama wamebeba gunia. Walikuwa wamefika juu, hata hawajavuta pumzi, ukuta ukaenda.

Nyumba themanini na mbili zilisombwa, yao ikiwemo. Hakufa mtu.

Shukrani zilikuja, na lawama nazo hazikuchelewa. Kwenye ukumbi walikohifadhiwa waliokosa makazi, muuza mkaa mmoja alisema mbele ya watu kwamba anayeweza kuyazuia maji ndiye aliyeyaita. Dada akasimama, akakunja mkono wa nguo.

"Hili kovu alinitia yeye. Mwenye haki ya kumlaumu ni mimi, na mimi nilikuwa naye pale ukutani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye lori," muuza mkaa akajibu, akatazama viatu vyake.

Ilipita miezi miwili kabla Bi Valvu hajaweza kushika spana tena. Visima vya bondeni vilikuwa vimejaa tope, akavianza kimoja kimoja: anaketi ukingoni, anayavuta maji machafu juu peupe, watu wakimwona, maana siri haikuwepo tena. Wapo waliowaingiza watoto ndani kila alipofika. Hakuwakasirikia. Alifanya kazi yake, akanawa miguu, akaaga kwa heshima akaenda nyumba inayofuata. Visima vilikuwa thelathini na sita, na vilimchukua karibu mwaka mzima.