Albamu ya Maganga Peke Yake

Siku ninayoikumbuka kila nikishika simu yenye nyimbo, mwanangu, ni ile mama mmoja mwenye beseni la karanga aliposimama mbele ya meza yangu, kwenye duka la kutilia watu nyimbo Tabora mjini, akasema, "Dada, nitilie zile za Mihayo."

"Zipi?"

Akacheka. "Zile za kujibizana, za gulio la Igalula. Nyie vijana vitu vizuri hamvijui!"

Aliyekuwa akijibizana na Mihayo alikuwa Maganga. Na Maganga ni baba yangu mzazi. Nikamtilia kwenye memori kadi yake. Wivu ulinikaa kooni kama pumba za mtama: humezi, hutemi.

Enzi hizo nilikuwa msichana, na kazi yangu dukani ilikuwa kupanga nyimbo kwenye kompyuta, za kaseti kuukuu, za kwaya, za harusi. Albamu ya mwimbaji mmoja haikuwa na shida. Shida ilikuwa mchanganyiko, albamu moja yenye waimbaji wengi. Kompyuta ina tabia ya kumpeleka kila mwimbaji kwenye kabati lake, na albamu inasambaratika kama vifaranga walioona kipanga. Ndiyo maana kila wimbo una nafasi mbili za majina: moja ya anayeimba, nyingine ya mwenye albamu. Tajiri wangu alinifundisha kuandika hapo pa pili "Waimbaji Mbalimbali", kisha nitie namba za mfuatano. "Walioimba pamoja wasilale nyumba tofauti," alikuwa akisema.

Albamu ya Igalula niliipanga hivyo hivyo, kama nyimbo zilivyoimbwa gulioni siku ya mashindano ya mavuno. Wimbo mmoja Mihayo anachokoza, unaofuata baba anajibu. Waliimba kwa Kiswahili, maana treni ilileta watu wa kila kabila. Lakini masikio ya watu, sijui yana nini, yalishika sauti ya Mihayo tu. Sauti yake ilikuwa asali mbichi. Ya baba ilikwaruza.

Hata tulipomzika baba, Mihayo alilia mpaka wanawake wakatuacha sisi wenye msiba, wakaenda kumpepea yeye. Nikasema moyoni: hata kaburi la baba yangu unalitaka?

Mwaka ulipotimia, mama akaniita. "Vero, tutamwombea baba yako misa, halafu watu watakula nyumbani. Lete nyimbo zake wamsikie."

Nikakaa kwenye kompyuta. Kwenye nafasi ya mwenye albamu nikaandika Maganga, nikachagua nyimbo zake zote, nikazipa namba upya. Za Mihayo nikaziacha zitawanyike. Wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mimi niliivuta mpaka ikachanika, ila sikuisikia. Nilipanda treni kwenda nyumbani na memori kadi kwenye pindo la kanga, nikijiona nimemrudishia baba kiti chake.

Baada ya misa uani kwetu palijaa. Padri alikuwepo, wajomba kutoka Lusu walikuwepo, na Mihayo aliketi nyuma na fimbo yake. Sikumpa hata shikamoo. Nikawasha spika.

Baba akaimba: "Linalala mlangoni kwako! Linalala mlangoni kwako, linangoja uamke!"

Watu wakatazamana. "Nini hicho kinalala mlangoni?" shangazi akauliza.

Wimbo wa pili ukaingia: "Si mimi, ni mama yako! Si mimi, ni mama yako!"

"Marehemu alikuwa anagombana na nani?" kijana mmoja akanong'ona.

"Na ukuta," mwenzake akamjibu.

Wakacheka, na hakikuwa kicheko cha gulioni. Mama aliinamisha uso, akawa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Mume wake, aliyengojwa kwa hamu kila mavuno, alikuwa amegeuka mzee anayebwata peke yake mbele ya padri. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo wivu uliniziba masikio nisilisikie miaka yote: nyimbo za baba zote zilikuwa majibu. Maswali nilikuwa nimeyaacha mjini.

Mihayo akainuka, akaja taratibu mpaka kwenye spika. "Binti Maganga, rudisha mwanzo, uzime. Uwashe nikipiga fimbo chini."

Nikarudisha. Mzee akakohoa, akaimba, na asali ilikuwa ile ile: "Maganga weee, jembe lako lina kutu, linalala wapi?"

Fimbo ikapiga. Nikabonyeza. "Linalala mlangoni kwako, linangoja uamke!"

Uani kukalipuka. Shangazi alipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

"Maganga weee, nani kaimaliza pombe kabla bibi harusi hajafika?"

"Si mimi, ni mama yako!"

Padri alicheka mpaka akavua miwani. Mama aliinua uso. Wimbo kwa wimbo, mmoja hai, mwingine marehemu, na kati yao kidole changu.

Nyimbo zilipokwisha, Mihayo hakuketi. Akaimba mmoja ambao sikuwahi kuusikia: "Maganga weee, umeondoka bila kuniaga, nani atanijibu?" Fimbo ikapiga chini. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na hapakuwa na wimbo.

Nikaenda nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaniwekea mkono kichwani. "Umemleta baba yako peke yake. Hakuwa mtu wa peke yake. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku Unyanyembe hadi pwani, mmoja akianzisha wimbo, wenzake wakiitikia. Asiye na wa kumwitikia, mzigo humlemea." Kisha akashusha sauti. "Nikuambie? Nilimwonea wivu. Mimi walinikumbuka, lakini neno la mwisho lilikuwa lake, kila mwaka. Nililala nikitafuta swali ambalo Maganga hatalijibu. Leo nimelipata, na silitaki."

Mwanangu, wewe unapanga nyimbo kwenye simu haraka kuliko nilivyoweza mimi. Ukikutana na albamu ya wengi, usiivunje ili umpendezeshe mmoja. Andika "Waimbaji Mbalimbali", tia namba, heshimu mfuatano. Na jina la mwenzako likitajwa pale ulipotamani litajwe la kwenu, usiwe mwepesi wa kulifuta. Sikiliza kwanza, huenda bila swali lake, jibu lenu ni kelele. Sikudanganyi kwamba nimepona. Hadi leo mtu akiniomba "za Mihayo", kitu kinanichoma. Ila namtilia albamu nzima, na baba yangu anafika humo humo, akijibu.

Mungu akupe sauti, mwanangu, akupe na mtu wa kukuchokoza. Na siku ya swali lisilo na jibu, aicheleweshe kwenu nyote wawili.