Baraza Yangu, Ukuta Wangu

Nilipohama Bellevue, karibu na katikati ya Johannesburg, watu walisema nimehamia porini. Mmoja aliniuliza kama huko ninakokwenda kuna hata spaza, kiduka cha mtaani, ya kununulia mkate. Nikamjibu: spaza iko, roboti, taa za kuongozea magari, ziko mbili, shule iko, na hati ya nyumba iko, ina jina langu. Yako iko wapi? Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa kwa mbao, vyumba kumi na moja, choo kimoja. Nami nilikaa humo humo miaka mingi, kwa hiyo sikumdharau, nilimjibu tu.

Mtaa wetu uko kusini ya Johannesburg, nje kabisa, ukishavipita vilima vya mchanga wa njano walioutoa ardhini wenye migodi. Nyumba ni ndogo, zote sura moja na bati la rangi moja, zimejengwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi mjini na bei za mjini hawaziwezi. Kila nyumba ina ukuta mbele, na nyuma ya ukuta mbwa. Alfajiri taa zinawaka mstari mzima, kisha watu wanatoka kusimama kando ya barabara, kidole cha shahada juu, ndiyo alama ya kumwambia dereva wa teksi, daladala ya huku, kwamba unakwenda mjini. Ikifika saa mbili asubuhi humwoni mtu mpaka jioni.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, Tanga. Sioni haya kulisema. Mji huu niliuanza kwa kufagia karakana ya makochi kule Doornfontein, na leo mlango wa pili kutoka pale kuna karakana nyingine, na hiyo ni yangu. Ukiingia katika hoteli ya mji huu ukakaa kwenye kochi ukajisikia hutaki kuinuka, ligeuze uangalie chini. Huenda misumari ile niliipiga mimi. Kwa hiyo nilipopata nyumba nilijua nimemaliza. Mtu kama mimi anataka nini tena?

Mke wangu ndiye aliyenijibu. Tulikuwa na miezi mitatu pale. Nilirudi kazini jioni nikakuta begi lake limesimama mlangoni, zipu imefungwa.

"Narudi Bellevue," akasema.

"Kwenye choo kimoja?"

"Kwenye choo kimoja chenye foleni. Foleni ina watu."

"Mama watoto, nyumba yote hii..."

"Niulize leo nimezungumza na nani."

"Na nani?"

"Na friji."

"Ikasemaje?"

"Usinichekeshe, bwana wee, sitaki kucheka!" Lakini alicheka, halafu akalia, na hapo nikaona mambo si mchezo. Watoto wetu wamekua, wana maisha yao, wakipiga simu wanaongea Kiingereza na Kizulu. Mchana kutwa alikuwa anatazama ukuta wetu kwa ndani. Akaniambia: "Mpaka mwisho wa mwezi. Nikipata mtu mmoja tu wa kuniita shoga, nabaki. Nisipopata, utakuwa unakuja kunitembelea kila Ijumaa kama mchumba."

Wengine wangempeleka dukani kumnunulia televisheni kubwa. Mimi nilinunua saruji.

Kwetu Tanga nyumba haiishii ukutani. Nje, mbele ya mlango, unajenga baraza, kiti kirefu cha saruji kilichoshikana na nyumba, kinachoangalia njia. Anayepita anasalimia, aliyechoka anakaa, na hakuna anayeuliza pale ni pa nani, panajulikana. Jumapili moja nikaivaa suruali ya kazi, nikajenga baraza yangu nje ya ukuta, upande wa barabarani, ya kukaa watu watano. Kimo chake sikukipima. Mtu aliyewatengenezea watu viti miaka yote hii hahitaji kipimo. Majirani walichungulia kwenye mageti yao. Mmoja akauliza, "Baba, unajenga kaburi?" Nikamwambia ndiyo, la upweke, uje mazikoni.

Ilipokauka, watu wanaosubiri teksi waliizunguka siku mbili kama wanaogopa itawauma. Siku ya tatu mama mmoja, mpishi wa shule, akaweka mfuko wake juu, kisha akajiweka mwenyewe. Mke wangu huwa ameshaamka kwa sala ya alfajiri. Alitoka na birika la chai ya tangawizi na vikombe viwili. Kizulu chake ni cha kuokoteza sokoni, lakini salamu anazijua zote. Wiki ile haijaisha wakawa watatu wanaokaa naye asubuhi mpaka teksi ije, na jioni wakishuka wanakaa tena kidogo kabla ya kwenda kupika. Nilianza kusikia vicheko nikiwa bado naoga.

Halafu ikaja barua. Aliileta mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mama mmoja mstaafu, muuguzi wa zamani, anayekaa ng'ambo ya barabara mkabala na kwetu. Aliniwekea mkononi akaondoka. Kiingereza cha barua si rafiki yangu, kwa hiyo nikaenda nayo Doornfontein kwa jirani yangu wa karakana, fundi cherehani Mkongo wa Bukavu. Akaisoma huku pini ziko mdomoni.

"Mukubwa, hii iko mbaya," akasema. "Banasema kiti yako iko ju ya udongo ya jiji. Kutoka ukuta mpaka barabara, yote ni ya jiji. Utoe mbele ya siku kumi na ine kuisha. Usipotoa, jiji itakuya na mashini, na utalipa mashini."

"Ya jiji? Mbele ya nyumba yangu?"

"Mbele ya nyumba yako, mon vieux. Ya kwako inaishia ku ukuta."

"Ukuta umesemwaje hapo?"

"Usipite mita mbili kwenda yulu, urefu yake. Ni ile tu."

Kosa lilikuwa langu, nalikubali. Nilijenga kama mtu wa Tanga, nikadhani uso wa nyumba ni wa mwenye nyumba. Hapa uso ni wa jiji, wewe umeachiwa tumbo. Lakini kukubali kosa si kukubali kushindwa. Jioni ile nikavuka barabara.

"Mama," nikamwambia mwenyekiti, "wewe unaona kila kitu kutoka dirisha lako. Umeona mtu gani amedhurika?"

"Baba, leo wanakaa wanawake. Kesho watakaa vijana, kesho kutwa wezi watakaa wakihesabu nani ametoka. Nimekaa mtaa huu tangu matofali hayajakauka. Kuta hatukuziweka bure."

"Mke wangu ataniacha kwa sababu ya kuta hizo."

Akanitazama. "Hilo siwezi kuliandika kwenye barua."

"Basi usiandike. Nitaondoa baraza."

"Asante."

"Usinishukuru bado."

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Amekaa jikoni, mikono mapajani. Akasema mwezi umebakiza siku tisa, na kwamba hanilaumu, nimejaribu. Neno lile "umejaribu" liliniuma kuliko barua. Mimi si mtu wa kujaribu. Nikamwambia Jumamosi aamke mapema, awaambie wenzake waje na vikombe vyao, vyetu havitatosha.

Jumamosi nilichukua nyundo kubwa. Kwanza nikavunja baraza, nikafagia udongo wa jiji mpaka ukawa safi kuliko walivyouacha wao. Kisha nikaugeukia ukuta wangu wa mbele. Ukuta huo ni wangu, nimesomewa. Pigo la kwanza mbwa wa mtaa mzima walibweka. La kumi watu wote walikuwa nje, wengine na nguo za kulalia, na mwenyekiti amesimama katikati ya barabara.

"Eish! Baba, unafanya nini?"

"Naubomoa."

"Sheria..."

"Sheria inasema usizidi mita mbili. Wangu nautoa wote. Umezidi?"

"Wezi wataingia mpaka sebuleni!"

"Wataingia vipi? Wakipita hapa alfajiri watakuta akina mama wanne macho, na maji ya moto mkononi."

Yule mpishi wa shule alicheka mpaka akashika kiuno, akampigia kelele mwenyekiti kwa Kizulu, jambo ambalo mke wangu alikataa kunitafsiria. Matofali ya ukuta nikayatumia yale yale kujengea baraza mpya, hatua mbili ndani ya mpaka wangu, uso kwa barabara. Imekuwa ndefu kuliko ya kwanza, maana ukuta ulikuwa na matofali mengi.

Gari la jiji lilikuja baada ya siku kumi na nne kama walivyoahidi. Wakashuka wawili, wakatazama udongo wao uliofagiliwa, wakapiga picha, wakaondoka. Mwenyekiti alivuka kuja kuhakikisha. Mke wangu akampa kikombe. Alikunywa amesimama, hakukaa, akasema sukari imezidi, akarudisha kikombe na kwenda zake. Kesho yake alikuja tena kusema sukari imezidi.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umeshapita bila mimi kuuliza. Ijumaa moja niliwahi kutoka kazini, nikashuka kwenye teksi, nikakuta baraza imejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mke wangu katikati, kanga begani, anaelezea jambo kwa mikono. Mpishi wa shule alikuwa anampiga paja na kumwita "shoga", amefundishwa neno hilo na mwenyewe. Nikasimama nikingoja nipishwe, ni baraza yangu hata hivyo.

"Baba watoto," mke wangu akasema bila kugeuka, "pitia mlango wa nyuma, hapa pamejaa."

Nikapitia nyuma, kifua mbele. Mtaani bado wanasema nimebomoa ukuta ili kumridhisha mwanamke. Ni kweli. Na wa nyuma ungali umesimama, akiutaka chini atasema.