Shoki Alizochagua Nyanya

Wiki jana nilikuwa Kawangware nikitafuta shoki za nyuma za pikipiki yangu, maana za zamani zilikuwa zimeanza kuvuja oili. Muuzaji, mtu wa maneno mengi, alichomoa jozi yenye springi nyekundu, akaikandamiza kwa kiganja. "Chukua hizi, siz. Ni ngumu, hata ubebe mawe hazishtuki." Nikaangua kicheko peke yangu. Marehemu nyanya yangu angekuwepo, angemnyang'anya shoki hizo azitupe mtaroni.

Basi ngoja nikueleze. Tulikaa Laini Saba, Kibera, karibu kabisa na reli: mimi, Baba, na Nyanya, mama yake Baba. Kila alfajiri niliamshwa na harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yakitokota na maharagwe kwenye jiko la makaa. Kazi yangu ilikuwa kupepea moto na kuifunga sufuria kwa leso mbili. Nyanya alikuwa na wateja wake wa muthokoi Kawangware tangu zamani, na makanga wa matatu hawakutaka kuiona sufuria ile ndani ya gari. Kwa hivyo Baba, aliyekuwa mwendesha bodaboda, alimbeba yeye kwanza kabla ya abiria wengine.

Shoki za Baba zilipokufa, kila shimo la barabara lilimpata Nyanya mgongoni. Akaanza kusema mgongo ukizidi atarudi Kitui, kwa sababu hawezi kukaa Nairobi bila kazi akitazama ukuta. Yeye ndiye aliyenisuka, ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Baba akaenda kununua shoki. Unawajua watu wa bodaboda, akili yao yote iko kwa mzigo. Alichagua ngumu kuliko zote, za kubeba abiria watatu na gunia juu, akarudi akipiga mbinja. Kesho yake shoki hizo zilimrusha Nyanya kuliko zile zilizokufa, akarudi kwa miguu, sufuria kichwani. Hakugombana na mtu. Alivuta kiondo chake chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Nami nikakikalia kile kiondo, nikakataa kuondoka.

Baba alirudi kwa fundi wa jua kali kando ya reli, aibu tele, nami nyuma yake. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwani unabeba nani?"

"Mathe."

"Na ako wapi?"

Baba akaonyesha kwa kidevu upande wa nyumbani.

"Mzae, umepima na mkono wako, na mgongo ni wa shosho. Enda umlete."

Nyanya alikuja amenuna, sufuria imejaa maji, kama fundi alivyoagiza. Akakaa nyuma ya Baba, sufuria mapajani. Fundi aliinama, akatazama kiti kinashuka kiasi gani, akafungua, akafunga nyingine. Jozi mbili zilikataa kushuka hata kidogo, kwani Nyanya alikuwa mwembamba sana. Ya tatu ilikuwa kuukuu, imetolewa kwa pikipiki nyingine, rangi imebanduka, lakini haikuwa na hata tone la oili kwa nje. Ilishuka kidogo, ikainuka taratibu. Baba akamzungusha Nyanya, wakavuka reli, wakarudi. Nilikimbia kuigusa leso yake. Ilikuwa kavu, maji hayakumwagika hata tone.

"Hii," Nyanya akasema. Basi.

Jioni hiyo alizimwaga nguo zake kitandani, akanipa kiondo kile kile nikamletee mahindi dukani. Nilikimbia huku nikilia kwa raha, majirani wakidhani nimechapwa.

Leo Nyanya hayupo, kibanda cha fundi kilibomolewa, na sikumbuki mara ya mwisho kuamshwa na harufu ya muthokoi. Nyumba yangu huamka na kelele za simu tu. Lakini siku ile Kawangware nilimwambia muuzaji anisubiri, nikaenda kumchukua Baba, ambaye siku hizi hukaa nyuma yangu tukienda kliniki, fimbo mapajani. Springi nyekundu alizikataa kabla hata hazijafungwa. Muuzaji alifunga jozi nyingine, laini kidogo. Baba akakaa, akajiinua, akakaa tena, akafumba macho.

"Hii," akasema, kwa sauti ya mamake kabisa.