Maumivu ya Titi la Burulkan

Kijijini kwao, ng'ambo ya mji wa Kochkor, hapakuwa na mwanamke wa kumshinda Burulkan kwa mazulia. Manyoya ya kondoo yakishaloweshwa maji ya moto na kufungwa ndani ya mkeka, wenzake waliyavingirisha kwa zamu. Yeye alipiga magoti, akayasukuma kwa mikono mpaka yakashikana, kisha akauliza jingine liko wapi. Mama mkwe wake, Sairakan, hakuwa mtu wa kusifu ovyo, lakini mgeni akija alimfunulia zulia upande wa chini na kusema, "Hii kazi ya mkwe wangu."

Vuli moja titi la kushoto likaanza kumuuma. Lilichoma akiinua birika, lilichoma akilalia ubavu. Hakumwambia mtu. Mama yake mdogo alikuwa amekufa kwa saratani ya titi, na Burulkan alikuwa na watoto watatu. Jirani yake Nurjamal, aliyemwona akijishika kifua, akamletea jani la kabichi lililopakwa asali.

"Ni jicho la watu," alisema. "Unasifiwa mno wewe."

Sairakan ndiye aliyemfumania na lile jani.

"Linauma tangu lini?"

"Si kitu, mama."

"Sikukuuliza kama ni kitu."

Kesho yake wakaenda wote wawili mjini Naryn, hospitalini.

Daktari alikuwa mwanamke. Aliuliza kama maumivu huja na hedhi, kama chuchu inatoa majimaji, na nani katika ukoo aliwahi kuugua. Akampapasa amekaa, akampapasa amelala, mpaka kwapani. Kisha akamwambia ageukie ubavu, titi likalala pembeni, akabonyeza mbavu zenyewe. Burulkan aliguta.

"Hapo?"

"Hapo hapo."

"Unafanya kazi gani, dada?"

Burulkan akamweleza. Daktari akatabasamu.

"Titi halina kosa. Kinachouma ni misuli na mbavu zilizo chini yake. Pumzisha mikono wiki chache. Lakini kwa ajili ya mama yako mdogo, tutapiga na picha."

Picha ikatoka safi. Burulkan akashusha pumzi ndefu, akavaa. Sairakan alikuwa ameshafika mlangoni.

"Daktari, mpime na mama," Burulkan akasema.

"Anipime nini na uzee huu? Mimi siumwi."

"Sikukuuliza kama unaumwa, mama."

Sairakan akarudi kutoka mlangoni, akavua koti.

Safari hii vidole vya daktari vilisimama mahali pamoja, karibu na kwapa.

"Kivimbe hiki unacho tangu lini?"

"Tangu kondoo wazae. Hakiumi, ndiyo maana nikakiacha."

"Mama, saratani ya titi mara nyingi huanza bila kuuma. Hiki lazima tukichukue nyama kidogo, tukipime."

Ilikuwa saratani, ila changa bado. Sairakan alipasuliwa Bishkek, mji mkuu, na Burulkan akakaa naye siku zote hizo, akimwogesha na kumsuka nywele, akimlisha mchuzi wa kondoo hata alipokataa. Kikongwe alirudi nyumbani amekonda, lakini anatembea kwa miguu yake.

Majira ya kukata manyoya yalipofika, wanawake walijaa uani kwao. Sairakan akawaambia waache kazi wamsikilize.

"Nimebaki na titi moja," alisema. "Uhai ninao kwa sababu ya huyu, alinivua koti bila kuniogopa. Mwenye aibu aniangalie mimi, kisha apande gari twende naye hospitali Naryn akapimwe."

Nurjamal alikuwa wa kwanza kuuliza gari litaondoka saa ngapi.

Asubuhi ya safari walikusanyika mbele ya duka, wanawake wa rika zote. Mwenye duka akachungulia.

"Kundi zima hili mnakwenda harusi ya nani?"

Neno titi kijijini lilikuwa la kunong'onezwa. Burulkan akalitamka kwa sauti, kichwa juu.

"Tunakwenda kupimwa matiti. Mkeo yuko wapi?"

Mwenye duka alijikuna kidevu, akafunga mlango wa duka, akaenda kumwita mkewe.